Maji ya Saa Kumi

Jumapili ile Kavata alijua kwamba akiingia nyumbani kwa kina Wanyonyi na ile karatasi mkononi, atatoka akiwa mchumba aliyekubaliwa, au atatoka akiwa hadithi ya mtaa mzima wa Ziwani. Alisimama mlangoni, akaipangusa sketi yake ambayo haikuwa na vumbi, akabisha hodi.

Karatasi yenyewe ilikuwa ratiba ya safari. Siku tisa, zimeandikwa kwa mkono wake kwenye kurasa za daftari zilizounganishwa kwa gundi. Siku ya kwanza, basi mpaka Garsen. Siku ya pili na ya tatu, mitumbwi katikati ya vinamasi vya Mto Tana, kwenye matete na viboko. Siku ya nne Kipini, pale mto unapoingia baharini. Kisha visiwa, mikoko, mchanga, na siku ya nane, mstari aliouandika kwa wino mwekundu: *Saa nne asubuhi tunavuka kwa miguu kwenda kisiwa kidogo, maji yakiwa yametoka.*

Safari ilikuwa ya chama cha matembezi cha vijana wa kanisa lao la Baba Dogo. Ngong walishapanda, Longonot walishapanda, Kilimambogo wakaimaliza hadi wakaichoka. Mwaka huu wa tisini na sita Wanyonyi, fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha rangi na mwenyekiti wa chama, alisema wamechoka na mawe, sasa waende kwenye maji. Pale pale akamchagua Kavata kuwa kiongozi wa njia. Nani mwingine, kama si Kavata aliyelelewa na bahari?

Na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu Kavata hakuwa amelelewa na bahari hata siku moja.

Mimi simtetei, uongo ni uongo. Lakini hebu nawe jiweke mahali pake. Miezi saba kabla ya hapo amekaa kwenye kibanda cha mjomba wake Munyoki kule Gikomba, wanakochonga wanyama wa mti, yeye kazi yake ni kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mti ung'ae. Anaingia kijana mrefu, amekuja kutafuta zawadi ya bosi wake anayestaafu. Anashika korongo, anauliza huyu ni ndege gani. Kavata anamwambia. Anashika mwingine, Kavata anamwambia. Kijana anacheka, anamtazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka, anauliza, "Umewajulia wapi wote hawa?"

Ukweli ulikuwa kwamba amewajua kwa vidole, mmoja mmoja, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Ukweli mwingine ulikuwa kwamba baba yake, Ndeti, alikwenda Changamwe kuchongea wazungu vinyago, akaoa huko, akawasahau yeye na mama yake kijijini Wamunyu. Sasa mwanamke kijana atamwambia hivyo kijana anayemtazama namna ile? Kavata akasema, "Nililelewa Changamwe. Baba alikuwa akitupeleka baharini kila Jumapili."

Wanyonyi akafurahi. "Basi tumefanana. Mimi nilikulia ndani ya Nzoia. Nilikuwa nauvuka kwa kuogelea nikienda shule."

Wakapendana. Na lile neno dogo likakaa katikati yao, likala, likanenepa.

"Ingia, shemeji," Triza alimfungulia mlango. Triza alikuwa mdogo wake Wanyonyi, miaka kumi na tisa, mcheshi, na ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa akimwita Kavata shemeji. "Sasa?"

"Poa. Wapo?"

"Wapo wote. Mayi amekaza uso lakini amepika mandazi, kwa hivyo usiogope sana."

Mayi ndivyo walivyomwita mama yao, Mama Annah. Alikuwa ameketi karibu na jiko la mafuta, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri cha kanisani. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa ameshasema, na alikuwa akisema mbele ya yeyote, kwamba Wakamba hana neno nao, lakini mwanawe wa kwanza alimtarajia msichana wa kwao Bungoma, anayejua kupika mboga ya mrenda bila kufundishwa. Mumewe, Mzee Mulongo, alizungumza kidogo na kusikiliza sana. Hao wawili walikuwa wamekubali jambo moja tu juu ya Kavata: kwamba Triza, asiyejua kuogelea, anaweza kwenda safari ile kwa kuwa Kavata atakuwepo. Wanyonyi alilipigania neno hilo wiki tatu.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Mama Annah alimwonyesha kiti. "Leo tuna mgeni. Wanyonyi ametuletea mtu wa huko kwenu baharini."

Kavata aligeuza macho. Kwenye kochi, kofia magotini, alikuwa amekaa mzee mmoja mwembamba mwenye ndevu chache nyeupe.

"Huyu ni Mzee Ambaro," Wanyonyi alisema, uso umemjaa furaha. "Ni bawabu pale kiwandani. Kumbe miaka yote hii ninampita getini sijui kwamba amezaliwa karibu na Kipini. Nikamwambia, mzee, mchumba wangu naye ni mtu wa pwani, njoo muongee lugha moja."

Alisema mchumba, mbele ya mama yake, bila kupepesa macho. Siku nyingine Kavata angeiweka ile sauti moyoni akalala nayo wiki nzima. Siku ile ilimchoma.

"Hujambo, mwanangu," Ambaro alisema. "Changamwe sehemu gani?"

"Karibu na... karibu na stesheni."

"Ahaa." Mzee alimtazama kidogo. Alipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Karatasi ikatandazwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kikombe huku na kikombe huku ili isijikunje. Wanyonyi akaisoma kwa sauti, siku baada ya siku. Ambaro aliitikia kwa kichwa. Mitumbwi ya Garsen, ndiyo, ila chagueni wenye ndugu huko mbele. Viboko, ndiyo, msipige kelele asubuhi. Mbu, jamani, beba vyandarua. Kipini, vizuri. Moyo wa Kavata ukaanza kutulia. Mambo ya mto aliyauliza kwa watu, akayaandika, hayakuwa na makosa.

"Siku ya nane," Wanyonyi alisoma, "saa nne asubuhi tunavuka kwa miguu."

Ambaro alishusha kikombe. "Mnaondoka hapa lini?"

"Mwezi ukiwa mpevu, mzee. Tupate mwanga."

"Halafu siku ya nane mnavuka saa nne." Alimtazama Kavata, wala si kwa ukali. "Hiyo saa nne umeipataje, binti?"

"Maji hujaa saa kumi," Kavata alisema. "Kwa hivyo saa nne huwa yametoka."

"Saa kumi ya siku gani?"

Kavata hakuelewa swali. Hilo ndilo lililomwaibisha kuliko yote baadaye, kila alipokumbuka: kwamba hakulielewa hata swali lenyewe. "Kila siku," alijibu.

Wote walimgeukia Ambaro, wala hawakujua kosa liko wapi. Wao wote pale ni watu wa bara, nani angejua? Mvua ina msimu wake, jua lina saa zake, na bahari nayo Kavata alidhani ina saa zake, kama king'ora cha kiwanda.

"Maji ya bahari hayana saa ya kila siku," Ambaro alisema polepole. "Yanafuata mwezi. Leo yakijaa saa kumi, kesho yatachelewa karibu saa nzima, keshokutwa vilevile. Mwezi ukiwa mpevu ndipo maji hujaa saa kumi. Siku yenu ya nane mwezi utakuwa nusu. Hiyo saa nne ndiyo maji yamejaa."

"Yamejaa kiasi gani?" Mzee Mulongo aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu chai imiminwe.

"Mtu mrefu kama huyu kijana," Ambaro alimwelekeza Wanyonyi kwa kidevu, "angeonekana kofia tu."

Mama Annah aliweka mkono begani kwa Triza.

Kisha Ambaro akafanya jambo ambalo Kavata hatalisahau. Alikwishamjua kwamba anadanganya. Alimjua tangu alipotaja stesheni, labda. Lakini alicheka kidogo, akasema, "Lakini si ajabu. Watoto wa mjini wakipelekwa baharini Jumapili wanacheza tu, nani anatazama maji? Na ni siku nyingi. Binti amesahau."

"Si ndio," Wanyonyi alidakia, amepata pumzi. "Kusahau tu. Alikuwa mdogo."

"Kusahau si kosa," Mzee Mulongo alisema.

Hata Mama Annah alilegea, akasogeza sahani ya mandazi. "Kula, binti. Hujala kitu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Kilichobaki ni Kavata kutabasamu na kusema ndiyo, nimesahau, na mambo yaendelee. Triza alichukua penseli akamwekea mkononi. "Haya, shemeji, tusahihishie. Tuvuke saa ngapi?"

Ambaro alikuwa akimtazama. Alikohoa, akasema kama anayejisemea, "Saa tisa hivi." Alikuwa akimpa jibu, mzima mzima, kama mwalimu mwenye huruma.

Kavata aliiweka penseli juu ya karatasi. Aliandika saa, akafika kwenye herufi ya kwanza ya tisa.

"Mimi nilikuwa naogopa maji hadi nakosa usingizi," Triza alisema akimwegemea. "Lakini ukisema tuvuke, manze mimi navuka. Sitauliza hata."

Penseli ikasimama. Aibu ilimpanda Kavata kutoka miguuni, ikafika masikioni, akahisi watu wote wanaiona ikipanda. Aliona mguu wa Triza kwenye kiatu chake cha plastiki cha bluu ukiingia kwenye maji kwa kuwa yeye amesema. Akaiweka penseli chini.

"Sijasahau," alisema. "Sijawahi kuiona bahari."

"Unasema?" Wanyonyi aliuliza.

"Sijawahi kuiona. Sijawahi kupita Mtito Andei. Sijui kuogelea." Aliyasema akitazama kitambaa cha meza. "Nilizaliwa Wamunyu. Baba ndiye alikuwa Changamwe. Alioa huko. Mimi na mama hakutuita."

"Lakini ulituambia Jumapili," Mama Annah alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyepotezwa njia. "Ulikaa kwenye kiti hicho hicho ukatuambia Jumapili mnakula viazi vya rojo ufukweni. Nilikuonea wivu."

"Nilidanganya, mama."

"Na saa kumi?" Ambaro aliuliza kwa upole.

"Aliandika barua. Moja tu, nikiwa na miaka saba." Kavata hakuhitaji kuitoa, aliijua kwa kichwa. "Anasema jana mwezi ulikuwa mkubwa sana juu ya bahari. Anasema huku maji hujaa saa kumi, mkija nitawaonyesha. Ndiyo hiyo."

Mzee Ambaro aliinamisha kichwa. "Habari ya mwezi alikuandikia," alisema. "Hakukuficha."

Mzee Mulongo alisimama, akaichukua ile ratiba, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kabati. "Safari imesimama," alisema. "Triza, mpe mgeni chai nyingine." Hakumtazama Kavata tena, na ingekuwa heri kama angemfokea.

Kavata aliaga bila kuitikiwa, akatoka. Wanyonyi alimfikia kwenye kamba za nguo, katikati ya mashuka ya watu yaliyoanikwa.

"Simama."

Alisimama.

"Miezi saba," Wanyonyi alisema. "Nimekaa na mama yangu miezi saba nikimwambia huyu msichana ni mkweli. Neno hilo hilo. Wangu ni mkweli. Leo amekaa pale ameninyamazia, hata kunicheka hakunicheka."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Si wao. Mimi."

"Nilianza mara nyingi. Kila nikianza unaniuliza kitu kingine cha bahari, na macho yako yanang'aa." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Niliona ukijua baba yangu alinitupa, utajiuliza kuna nini kwangu cha kutupwa."

Wanyonyi aligeuza uso. Jirani alipita na ndoo, akawasalimu, wakaitikia wote wawili kama watu wasio na shida. Jirani alipoondoka Wanyonyi alisema neno alilolichagua kwa makusudi, na mapenzi yana siku zake za kikatili. "Na kuniambia unanipenda? Hiyo nayo ulisoma kwenye barua gani?"

Kavata alimpa kisogo. Alipita chini ya shuka la watu, akashika njia ya Gikomba kwa miguu, amejifunga kitenge kichwani na mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

Wiki ile alipiga msasa kama mtu anayedaiwa roho. Mjomba Munyoki alimwona, hakuuliza. Viboko kumi na wawili, mamba wanne, korongo, bata maji, mitumbwi ya shubiri moja. Kinamasi kizima kilipita mkononi mwake, akakipaka rangi, akakipanga rafuni. Kila aliposikia mtu anaingia alishtuka, kisha akajichukia kwa kushtuka. Alikuwa anamtaka Wanyonyi hadi kifua kinauma, na alikuwa anaona haya kumtaka.

Jumamosi saa nane, alikuwa ameinama juu ya mguu wa kiboko alipoona viatu vya kiwandani, vyenye matone ya rangi ya kijani.

"Niaje, Kavata," Wanyonyi alisema.

Hakuinua kichwa. "Salama."

"Mzee wangu ameirudisha safari. Alikwenda mwenyewe kwa Ambaro getini, wakakaa siku mbili na kalenda ya mwandamo wa mwezi. Ambaro atatuongoza." Alichuchumaa mbele yake. "Mama amesema Jumapili uje mwenyewe, umwombe msamaha kwa mdomo wako. Sikufichi, hajasema atakupikia."

"Nitakuja."

"Nimeandika ratiba nyingine. Tazama kama kuna makosa."

"Mimi tena nitazame makosa?"

"Tazama tu."

Aliipokea kwa mikono yenye vumbi. Mwandiko ulikuwa wa Wanyonyi, mkubwa na wa kulala. Kila siku ilikuwa na saa yake ya maji, kila siku imechelewa kidogo kuliko ya jana. Siku ya nane, kuvuka saa tisa. Mahali pa kiongozi, Ambaro. Kavata alilitafuta jina lake kwenye kurasa zote mbili, hakuliona. Halafu akaliona chini kabisa, kwenye sanduku dogo lililopigwa mstari. *Wasiojua kuogelea, wakae mtumbwi mmoja na Ambaro.* Triza. Kavata. Na jina la tatu.

Alilisoma mara mbili. "Wanyonyi," alisema. "Hapa umeandika jina lako."

Alikuwa ameinamisha uso, shingo yake imebadilika rangi, anakwangua tone la rangi kwenye kiatu kwa ukucha.

"Na Nzoia?" Kavata aliuliza.

"Nilikuwa nauvuka kila siku nikienda shule, hilo ni kweli." Alimeza mate. "Kwa daraja, Kavata. Kwa daraja, nimeshika ukingo."

Msumeno wa jirani ulinguruma, ukanyamaza. Hakuna aliyecheka.

"Ulisimama kwenye zile kamba za nguo," Kavata alisema taratibu, "ukaniuliza lile swali."

"Nilikuuliza." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nililala nalo wiki nzima. Kama wewe ungeandika saa tisa ukanyamaza, mimi ningetangulia mbele ya Triza nionyeshe watu kifua, na maji siyajui. Sikuja kukusamehe, Kavata. Nimekuja kuona haya karibu na wewe, kama utanikubalia."

Kavata alikilaza kiboko mapajani. Hakumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuwa amefika huko. Aliingiza mkono chini ya rafu, akatoa kopo la majani ya chai, na ndani yake karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote, hata mama yake alidhani imepotea. Akampa.

"Soma mwenyewe," alisema. "Uone kama kuna mahali ametaja jina langu."

Wanyonyi alikaa chini kwenye vumbi la mti, akaifungua barua ya Ndeti kwa ncha za vidole, akaanza kusoma.